Kidonda cha puani kisichopona: mdogo wangu anaogopa kukatwa pua

SWALI

Habari za kazi, madaktari wa safu hii. Naandika kutoka Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 31, mwenye ualbino. Anachuma chai na kulima viazi. Mwaka jana alitokwa na gamba dogo kwenye bawa la pua upande wa kushoto. Likibanduka linarudi, na kila likirudi linakuwa pana zaidi. Sasa ni kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake zimeinuka, na akinawa uso kinatoa damu.

Zahanati walimpa vidonge na krimu, hakikupona. Jirani akamletea dawa ya kupaka inayounguza. Kikawa cheusi, kikakauka, tukashukuru. Baada ya miezi miwili kikarudi kikiwa kinene. Mwezi uliopita, kwenye kituo kimoja, tuliambiwa tulete hela ili kiunguzwe kwa umeme siku hiyo hiyo. Baba anataka tukubali, lakini mimi sijaridhika. Mdogo wangu mwenyewe anasema akienda Mbeya watamkata pua, na kwamba kidonda cha namna hii kikichokonolewa kinasambaa mwilini. Je, ni kansa? Ni kweli kinyama kikichukuliwa cha kupima, ugonjwa unasambaa? Atabaki na pua?

Na moja la mwisho. Mtoto wa dada yetu ana miaka 3, ana kinundu juu ya pua katikati ya macho tangu azaliwe. Shangazi anasema kitobolewe, kitoe uchafu. Naomba ushauri. Ndaga fijo (asante sana).

Dada mtu, Rungwe

JIBU

Pole dada, na umpe pole mdogo wako. Ulivyosita kukubali kiunguzwe umefanya vizuri sana. Kuanzia leo acheni ile dawa ya kuunguza, mpakeni Vaseline tu juu ya kidonda, na wiki hii aende hospitali ya wilaya kuchukua rufaa ya kwenda Mbeya. Yanayofuata ni ili mjue nini kinatakiwa kifanyike huko, kwa mpangilio upi, na mkatae nini.

Kama ni kansa, hatuwezi kuapa kwa kusoma barua. Lakini kanuni tunayoifuata ni hii: kidonda cha usoni kwa mtu mwenye ualbino, ambacho kimepita wiki 4 bila kufunga, kinahesabiwa kuwa saratani mpaka maabara ikanushe. Cha mdogo wako kimeanza kama gamba, kimepanuka, kina kingo zilizoinuka na kinatoa damu kikiguswa. Hizo ndizo dalili za saratani ya seli bapa, ambayo kwenye karatasi ya majibu hufupishwa SCC. Ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino Afrika. Ya pili ni saratani ya seli za msingi, inayofupishwa BCC, ambayo hutambaa polepole na ni nadra sana kuhama, ila ikiachwa hula gegedu (mfupa laini) la pua mpaka mfupa. SCC haina subira hiyo. Inaweza kwenda kwenye tezi za chini ya taya na za mbele ya sikio, na hapo tiba inakuwa kubwa na matumaini yanapungua. Yapo mengine yanayofanana nayo kwa macho: kifua kikuu cha ngozi, kinyama chekundu cha damu kinachoota ndani ya wiki chache, au uvimbe wa zambarau wa Kaposi kwa mwenye VVU. Ndiyo sababu macho peke yake hayatoshi, hata yawe ya bingwa.

Jua la Rungwe linawadanganya wengi kwa sababu ya baridi na mawingu. Joto na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na kwamba hadi asilimia 80 yake inaweza kupenya wingu jepesi. Ninyi mko juu ya mita 1,500. Mchuma chai mwenye ualbino anayevua kofia kwa sababu kuna ukungu anaungua bila kusikia.

Sasa hiyo habari ya kuunguza. Kukwangua na kuunguza kwa umeme ni tiba halali kwa vidonda vidogo vya hatari ndogo, tuseme mgongoni au mkononi. Puani hapana. Pua, kope, midomo, masikio na ngozi ya mbele ya sikio ni sehemu ambazo saratani ya ngozi hurudi mara nyingi kuliko kwingine, maana mizizi yake hufuata mikunjo na gegedu chini ya ngozi inayoonekana nzima. Ukiunguza, unaua cha juu na kuacha cha chini, halafu kovu linafunika. Ndicho kilichotokea kwa dawa ya jirani: kidonda kilikauka juu, ugonjwa ukaendelea chini. Isitoshe, kikishaunguzwa hakuna kinyama cha kupeleka maabara, na hakuna atakayejua kilikuwa nini wala kama kimeisha. Mwambieni baba kwa heshima kwamba hela hiyo iwe nauli na gharama ya kipimo.

Kuhusu hofu kwamba kinyama kikichukuliwa ugonjwa unasambaa: hapana. Saratani hizi za ngozi hazisambai kwa sababu ya kuchukuliwa kipande. Husambaa kwa kukaa muda mrefu bila kutibiwa. Watu huunganisha haya mawili kwa sababu wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, kinyama kinachukuliwa, na baada ya miezi hali inakuwa mbaya kama ambavyo ingekuwa tu.

Mbeya, mwombe aonwe na daktari wa masikio, pua na koo au daktari bingwa wa upasuaji. Uchunguzi wa kweli huchukua muda kidogo. Gamba linalainishwa kwa gozi yenye maji ya chumvi na kutolewa, kisha kidonda kinapimwa kwa rula kwa milimita, marefu na mapana. Daktari anakisukuma kuona kama kinateleza juu ya gegedu au kimeshikana nalo. Anaangalia ndani ya tundu la pua kwa taa, kwa sababu kidonda cha bawa kikitokeza ndani hesabu yote ya upasuaji inabadilika. Anauliza kama shavu au mdomo wa juu una ganzi, maana ganzi huashiria kuwa ugonjwa unafuata mshipa wa fahamu. Anapapasa tezi za shingo, chini ya taya na mbele ya sikio. Halafu anakagua ngozi yote: kichwani, nyuma ya masikio, shingoni, migongo ya mikono. Mwenye kidonda kimoja mara nyingi ana vingine vidogo vinavyoanza. Apime na VVU pia, kwa sababu maambukizi hayo huongeza kasi ya SCC. Kama kidonda kimeshikana na mfupa, au kuna ganzi, au tezi zimevimba, picha ya CT (eksirei ya kompyuta) inahitajika kabla ya kisu. Kama ni cha juu juu na kinateleza, si lazima mtumie hela huko.

Kinyama kinachukuliwa kwa sindano ya ganzi, bila nusu kaputi. Ganzi yenyewe ni lidokaini ya asilimia 1 au 2 iliyochanganywa na adrenalini, na mililita 1 au 2 zinatosha. Daktari akisubiri kama dakika 7 hadi 10 baada ya kuchoma, damu hupungua sana. Wapo bado wanaofundishwa kwamba adrenalini haitumiki puani kwa kuwa ncha itakufa. Kwa vipimo hivi ni salama. Kisha anatumia kikataji cha duara cha milimita 3 au 4, au kisu, akichukua ukingoni mwa kidonda, sehemu iliyoinuka, pamoja na ngozi ya chini yake. Asichukue katikati. Katikati kuna usaha na nyama iliyokufa, na maabara itajibu “uvimbe wa kawaida wa maambukizi” huku saratani iko pembeni. Kina nacho ni muhimu, kwa sababu SCC iliyozama zaidi ya milimita 6 inahesabiwa ya hatari kubwa, na mtaalamu wa patholojia hawezi kupima kina cha kipande kilichoparuliwa juu tu.

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia, na ndugu wa mgonjwa anaweza kusaidia. Kinyama kiwekwe papo hapo kwenye formalini ya asilimia 10, na dawa iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Kisiwekwe kwenye maji ya chumvi. Kikisafiri hivyo kinaoza. Spiriti nayo hukikausha kikasomeka kwa taabu. Chupa iwe na mdomo mpana, ili kinyama kisikwanguliwe kutolewa. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu iseme umri, sehemu kamili (“bawa la pua, kushoto”), muda wa kidonda, kwamba mgonjwa ana ualbino, na kwamba kimewahi kupakwa dawa ya kuunguza. Bila maelezo hayo anayesoma darubini anabahatisha. Kabla hamjaondoka ulizeni majibu yanatoka lini, mnampigia nani, na andikeni namba ya kipimo. Majibu yakisema “si saratani” na kidonda bado kinakua, kinyama kichukuliwe tena. Jibu moja zuri lisiwatulize mbele ya kidonda kinachotanuka.

Tuseme majibu yamesema SCC. Upasuaji ndio tiba ya kwanza. Na mdogo wako atabaki na pua, ila lazima aelewe hesabu ifuatayo ili asije akashtuka.

Kwa SCC kidonda hakikatwi kwa kukifuata ukingo wake. Hukatwa pamoja na ngozi inayoonekana nzima: milimita 4 hadi 6 kila upande kwa kidonda cha hatari ndogo, milimita 6 hadi 10 kwa cha hatari kubwa. Kwa BCC ndogo ambayo kingo zake zinaonekana wazi, milimita 4 hutosha mara nyingi. Kifungo cha shati ni kama milimita 12. Ongeza 6 kila upande, unapata milimita 24. Hilo ni karibu bawa zima la pua. Kwa hiyo tundu litakuwa pana mara mbili ya kidonda alichoingia nacho, na huo si uzembe wa daktari. Daktari anayekata kwa kubana ili “kuhifadhi pua” ndiye atakayeilazimisha ikatwe tena, safari ijayo ikiwa na eneo kubwa zaidi. Kwa kina, hushuka mpaka utando unaofunika gegedu. Gegedu likiwa limeguswa, nalo linatoka.

Kipande kilichotolewa kinafungwa uzi upande mmoja, kwa mfano juu, ili maabara ijue wapi ni wapi, na chote kinarudi patholojia. Hapa tuna msimamo. Pale ambapo kingo za kipande haziwezi kusomwa kwa darubini siku ile ile ya upasuaji, pua isijengwe siku hiyo kwa ngozi ya kuhamisha. Jeraha lifunikwe kwa Vaseline na gozi, libadilishwe kila siku, na mgonjwa asubiri majibu. Jeraha la usoni hustahimili wiki mbili au tatu za namna hiyo bila shida, mradi liwe safi na lisikauke. Ni vigumu kuvumilia, kwa sababu mtu anajiona na tundu usoni, na mpeni moyo kipindi hicho. Lakini kuhamisha ngozi ya paji la uso juu ya saratani iliyobaki ni kuifunika isionekane, na ikija kujitokeza tena ngozi bora ya kujengea imeshatumika. Karatasi ikisema kingo ni safi, yaani hazina saratani, jengeni. Ikisema upande fulani umeguswa, anarudi kukatwa upande huo tu.

Kujenga kunategemea ukubwa na mahali. Tundu la chini ya sentimita 1 kwenye mkunjo wa bawa linaweza kuachwa lijifunge lenyewe. La hadi sentimita 1.5 karibu na ncha hufungwa kwa ngozi ya jirani inayozungushwa. Kwa ukubwa wa mdogo wako, njia ni mbili: ngozi ya mkunjo kati ya pua na shavu, au ngozi ya paji la uso. Ya paji ni kazi ya zamani mno, ilianzia Uhindi karne nyingi zilizopita, na hadi leo haijapata mshindani kwa matundu makubwa. Kipande hukatwa wima kikibaki kimeshikilia karibu na nyusi, mahali unapopita mshipa wa damu unaokilisha. Shina lake huwa na upana wa sentimita 1.5 hivi. Kinageuzwa na kushonwa puani, na kwa wiki 3 shina hilo linaonekana likining'inia kati ya nyusi na pua. Baada ya hapo pua inakuwa imeota mishipa yake, na shina hukatwa kwa upasuaji mdogo. Chini ya kipande huwekwa ukanda wa gegedu kutoka sikioni. Bila huo bawa jipya hunywea kila anapovuta pumzi, na tundu la pua huziba. Kama kidonda kimetoboa mpaka ndani, utando wa ndani nao ujengwe, la sivyo kovu litakunja bawa kwenda juu.

Kwa mwenye ualbino kuna sharti moja zaidi. Paji lake la uso nalo limechomwa na jua miaka yote. Likaguliwe kwa mwanga mzuri na kupapaswa kwa kidole. Ukihisi mikwaruzo kama ya msasa, hayo ni madoa yanayotangulia saratani, na ngozi hiyo haifai kuhamishwa kabla hayajatibiwa. Kama itapandikizwa ngozi ya kubandika, itoke sehemu ambayo shati hufunika.

Baada ya upasuaji alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili kwa siku 2. Asipenge pua. Asivute sigara kabisa, kwa sababu nikotini hubana mishipa na kipande kinakufa. Kama anatumia aspirini amwambie daktari mapema, wala asiiache mwenyewe kama aliandikiwa kwa ajili ya moyo. Miwani! Wengi wenye ualbino huvaa, na miwani iliyoegemea juu ya shina la ngozi huzuia damu. Ifungwe kwa utepe kwenye paji la upande wa pili, au aache kuivaa mpaka shina likatwe. Kipande kikiwa cheupe na baridi, damu haiingii. Kikiwa cha bluu na kimevimba, damu haitoki. Yote mawili ni ya kurudi wodini saa hiyo hiyo, usiku kama mchana. Damu ikichuruzika, bana kwa gozi safi dakika 10 bila kuchungulia. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Zikikaa zaidi huacha alama.

Kama tezi zina ugonjwa, au kingo haziwezi kusafishwa, au ugonjwa umefuata mshipa wa fahamu, ataandikiwa mionzi, na rufaa ya kawaida ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hudhurio la kliniki ni kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kwa kuwa nyingi zinazorudi hurudi ndani ya muda huo, kisha kila miezi 6 maisha yote.

Kuanzia sasa, kofia yenye ukingo wa sentimita 8 pande zote (kepu haifuniki masikio wala shingo), shati la mikono mirefu, na kazi za shamba kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mafuta ya jua ya kinga (SPF) 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, robo saa kabla ya kutoka na tena kila saa 2. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Ulizeni kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa Chama cha Watu wenye Ualbino. Kama hana bima, chukueni barua ya mtendaji wa kijiji na muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa chochote, si baada.

Kuhusu mtoto: kisitobolewe, kisikamuliwe, kisichomwe sindano na mtu yeyote. Kinundu cha kuzaliwa nacho kwenye mstari wa katikati ya pua kinaweza kuwa na njia inayoingia hadi kwenye fuvu. Kikivimba mtoto akilia, na kikiwa laini, huenda ni utando wa ubongo uliotokeza. Kikiwa kigumu, na kina kitundu chenye unywele, huenda ni kifuko cha ngozi kilichonaswa tangu tumboni. Vyote hutolewa kwa upasuaji uliopangwa, baada ya picha ya CT au MRI, na si jambo la leo kwa leo kama mtoto ni mzima. Aende safari hiyo hiyo na mjomba wake akaonwe. Lakini akitokwa na maji maangavu puani upande mmoja yasiyokoma, au kinundu kikiwa chekundu na cha moto, au akipata homa na shingo kukakamaa, msisubiri kliniki; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.